Bili ya wingu imepanda: upunguze ukubwa, uweke ahadi, utumie Spot, ulipe kwa ombi au uhame?

Bili ya huduma za wingu, yaani seva na diski unazokodi kupitia mtandao, hupanda kimyakimya. Mwezi huu zimeongezwa seva mbili za majaribio, mwezi ujao kuna diski ambayo hakuna anayejua ni ya nani, kisha hifadhidata inapandishwa ngazi usiku mmoja kwa sababu wateja wamelalamika, na hakuna anayekumbuka kuishusha. Siku mhasibu anapouliza, timu nzima hutazamana. Ndipo kila mtu huja na dawa yake. Mmoja anataka mkataba wa miaka 3, mwingine anataka kila kitu kigeuzwe kiwe cha kulipia kwa ombi, yaani kwa kila mara programu inapoitwa, na wa tatu amesoma habari za kampuni iliyoondoka kwenye wingu, naye anauliza sisi tunangoja nini.

Hakuna aliyekosea. Dawa zote hizo hupunguza gharama, ila kila moja inakutaka utoe kitu: uhuru wa kubadili mawazo, uhakika wa kuwa na mashine kesho asubuhi, mamlaka juu ya namna programu inavyoendeshwa, au muda wa watu wako. Hilo ndilo nililoliweka mbele katika ulinganisho huu. Kabla ya kuuliza njia ipi ina punguzo kubwa, jiulize programu yako inaweza kutoa nini bila mtumiaji kuumia.

## Vigezo vya kupimia

Njia zote tano nimezipima kwa mambo yaleyale: akiba unayoweza kupata, athari kwa kasi, kazi inayohitajika ili kuitekeleza na kuitunza, kifungo unachojitia, na mwisho ni nani inayemfaa. Bei ninazotaja ni za orodha ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon, kwa eneo lake la us-east-1 huko Marekani, kwa sababu ndizo ambazo wengi hulinganishia. Kwa watoa huduma wengine na maeneo mengine tarakimu hubadilika, lakini hoja inabaki ileile.

Kigezo cha kasi kinahitaji maelezo zaidi, maana ndicho kinachopimwa vibaya mara nyingi. Timu hupunguza seva, hutazama wastani wa muda wa kujibu, huona haujapanda sana, na kazi hutangazwa imekwisha. Wastani hudanganya. Chukua maombi 1,000: 940 yamejibiwa kwa milisekunde 80 na 60 kwa sekunde 4. Wastani wake ni kama milisekunde 315, namba isiyomshtua yeyote, na wakati huohuo watu 6 katika kila 100 wamesubiri sekunde 4 nzima. Panga maombi yako kutoka lililojibiwa upesi hadi lililochelewa zaidi, kisha tazama la 95 na la 99 katika kila 100. Yaandike hayo kabla hujagusa chochote, kwa siku zisizopungua 14 ili uone mwisho wa wiki mara mbili. Bila kumbukumbu hiyo hutaweza kusema kama ulichofanya kimeharibu au la, na mkipishana ofisini, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Pima pia gharama kwa kila ombi au kwa kila mteja, usiishie kwenye jumla ya mwezi. Bili iliyopanda kwa robo wakati wateja wameongezeka maradufu si tatizo.

## Njia ya 1: Kupunguza ukubwa na kuzima kisichotumika

Akiba. Hapa ndipo palipo na fedha nyingi zilizolala, na ndipo ningependa kila mtu aanzie hata kama ataishia kwingine. Wiki ina saa 168. Seva ya majaribio inayotumiwa saa 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, inahitajika kwa saa 50 tu. Ukiizima saa nyingine 118, umeondoa takriban asilimia 70 ya gharama yake ya kompyuta, ingawa diski yake itaendelea kutozwa. Katika familia nyingi za mashine, kushuka ngazi moja ni kupata nusu ya prosesa na nusu ya kumbukumbu (RAM) kwa nusu ya bei.

Kisha kuna vitu vidogovidogo ambavyo vikijumlishwa vinauma. Tangu Februari 1, 2024, AWS inatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya mtandao ya IPv4 ya umma, yaani kama dola 3.65 kwa mwezi, iwe inatumika au imekaa tu. Diski za aina ya gp3, zilizoanza Desemba 2020, zina bei ya chini kwa asilimia 20 kwa kila gigabaiti kuliko gp2, lakini zipo akaunti nyingi ambazo bado zimejaa gp2. Na kuna suala la data inayopita NAT Gateway, lango la seva za ndani kutokea kwenye intaneti: hutozwa dola 0.045 kwa gigabaiti, mbali na malipo ya saa. Seva zilizo kwenye mtandao wa ndani zikisoma gigabaiti 10,000 kwa mwezi kutoka S3, ghala la mafaili la AWS, kupitia hapo, umelipa dola 450. Njia ya moja kwa moja kwenda S3 ipo, inawekwa kwa dakika chache, na haina malipo.

Kasi. Njia hii ndiyo inayoweza kuidhuru kasi moja kwa moja, hivyo nitakaa hapa kidogo. Seva ikionyesha prosesa yake inatumika kwa asilimia 30, mtu hushawishika kuibana hadi 90 ili asipoteze chochote. Lakini foleni haikui kwa mstari ulionyooka. Kwa hesabu rahisi ya seva moja yenye maombi yanayoingia bila mpangilio, ombi linalohitaji milisekunde 20 za kazi litakaa ndani kwa milisekunde 40 seva ikiwa na shughuli nusu ya muda, 100 ikifika asilimia 80, na 200 ikifika 90. Kwa programu zinazosubiriwa na mtu, mimi huacha nafasi: lengo la asilimia 50 hadi 65 wakati wa kilele. Kazi za nyuma ambazo hakuna anayezitazama zinaweza kubanwa zaidi.

Mitego mingine mitatu. Kwanza, vipimo vya kawaida vya EC2, yaani seva za kukodi za AWS, havionyeshi matumizi ya kumbukumbu hadi usakinishe wakala wake, programu ndogo ya kupima. Watu wengi hushusha mashine kwa kutazama prosesa peke yake, kisha programu inaanza kuuawa kwa kukosa kumbukumbu. Pili, mashine za familia ya T hujikusanyia krediti zikiwa zimetulia na kuzitumia mzigo unapopanda. Krediti zikiisha, T2 hurudishwa kwenye kasi yake ya msingi, nayo T3, kwa mpangilio wake wa kawaida, huendelea kukimbia huku ukitozwa ziada. Tatu, gp3 huanza na IOPS 3,000, yaani mara za kusoma au kuandika kwa sekunde, na megabaiti 125 kwa sekunde. Diski ya gp2 hupata IOPS 3 kwa kila gigabaiti, kwa hiyo diski ya gigabaiti 2,000 ilikuwa na 6,000. Ukiihamisha bila kuongeza kiwango, umeifanya hifadhidata iwe nzito kwa mikono yako mwenyewe.

Upo pia mlango wa kubadili aina ya prosesa. Mashine za Graviton, ambazo AWS ilianza kuzitoa mwaka 2018 kwa usanifu wa Arm, zina bei ya chini kuliko zenzake za Intel za ukubwa uleule. Programu za Java, Python, Go au Node.js mara nyingi huhamia bila shida. Kinachokwamisha ni maktaba ya zamani ya msimbo iliyojengwa kwa x86, usanifu wa Intel, tu.

Kazi. Si ngumu, lakini haiishi. Ukisafisha leo, baada ya miezi 6 takataka zimerudi, isipokuwa kila rasilimali iwe na lebo ya mwenyewe na kuwe na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza.

Kifungo. Hakuna. Ukikosea unarudi ulikotoka siku hiyohiyo.

Inamfaa nani. Kila mtu ambaye hajapitia bili yake kwa mwaka mzima, na hasa timu zenye mazingira mengi ya majaribio. Haitamsaidia sana ambaye mashine zake tayari zina shughuli na zinaongezeka na kupungua zenyewe kulingana na mzigo.

Nikiwa hapa niseme jambo ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya bei: hifadhidata kubwa mara nyingi ni kubwa kwa sababu ya swali moja la programu lisilo na faharasa, yaani orodha inayoisaidia hifadhidata kupata data bila kupekua yote. Kabla ya kujadili ukubwa wa mashine, tazama maswali 10 yanayotumia muda mwingi zaidi. Nimeona hifadhidata ikishushwa ngazi mbili baada ya kuongeza faharasa moja, na kurasa zikafunguka upesi kuliko awali.

## Njia ya 2: Kuweka ahadi ya mwaka 1 au miaka 3

Akiba. AWS ilileta Savings Plans Novemba 2019, baada ya miaka 10 ya Reserved Instances, mpango wake wa awali wa ahadi. Unaahidi kutumia kiasi fulani cha dola kila saa kwa mwaka 1 au 3, nawe unapewa bei ya chini. Aina inayokufunga kwenye familia moja ya mashine katika eneo moja inafika punguzo la asilimia 72, na ile inayokuachia uhuru wa kubadili familia, eneo, hata kuhamia Fargate au Lambda, huduma za AWS zinazoendesha programu bila wewe kutunza seva, inafika 66. Hizo ni kilele cha tangazo. Mkataba wa mwaka 1 bila malipo ya awali hupata kidogo zaidi ya nusu ya hapo au pungufu, kutegemea mashine. Google na Microsoft wana mipango inayofanana, na kwa baadhi ya mashine Google hutoa punguzo la hadi asilimia 30 lenyewe, bila mkataba, mashine ikikaa imewashwa mwezi mzima.

Kasi. Haiguswi hata kidogo. Mashine ni ileile, diski ni ileile, na mtumiaji hatajua kuwa umesaini chochote. Kwa sababu hiyo ndiyo njia inayopendwa na wanaoogopa kugusa programu.

Kazi. Kununua ni dakika chache. Hesabu ya kununua kiasi gani ndiyo inayohitaji utulivu. Ukiwa na punguzo la asilimia 40, mashine isiyofika asilimia 60 ya saa za mkataba ingekuwa nafuu kuilipia kwa saa. Na ahadi huhesabiwa saa kwa saa: dola 10 ulizoahidi na hukuzitumia saa 9 usiku haziji kukusaidia saa 4 asubuhi. Kwa hiyo weka ahadi kwenye sakafu ya matumizi yako, yaani kiwango ambacho hata usiku wa manane hakishuki chini yake, usiweke kwenye wastani. Kinachozidi sakafu kiendelee kulipiwa kwa saa.

Kifungo. Ndicho unachouza. Niliwahi kufanya kazi na timu iliyosaini miaka 3 kwanza, kisha ndiyo ikagundua kwamba mashine zake zilikuwa kubwa maradufu ya mahitaji. Ikawa hakuna faida ya kuzipunguza, kwa kuwa fedha zingelipwa vilevile. Waliishi na kosa hilo hadi mkataba ulipokwisha, na iliniuma kutazama, kwa sababu wiki mbili za vipimo zingetosha kuwaokoa. Dawa yake ni mpangilio: njia ya 1 itangulie, na ahadi zinunuliwe vipandevipande, kila robo mwaka kipande kimoja, ili ziishe kwa zamu na usifungwe zote kwa siku moja.

Inamfaa nani. Programu iliyokwisha kutulia, yenye wateja mchana na usiku, inayomilikiwa na kampuni inayojua itakuwepo mwakani. Haimfai anayepanga kuandika upya mfumo wake ndani ya miezi michache ijayo.

## Njia ya 3: Mashine za Spot

Akiba. Watoa huduma wana mashine zisizo na mteja, nao huziuza kwa bei ya kutupa kwa sharti kwamba wanaweza kuzichukua wakati wowote. AWS ilianza mwaka 2009, na punguzo linafika asilimia 90 ya bei ya kawaida. Hakuna mkataba wa saa unaolikaribia.

Kasi. Mashine yenyewe haina kasoro, ni ileile ya bei kamili. Tatizo ni uhai wake. AWS hukupa onyo la dakika 2 kabla ya kuichukua, wakati Google na Azure ya Microsoft hukupa sekunde 30. Katika muda huo seva inatakiwa iache kupokea maombi mapya, imalize yaliyomo, iandike hali yake mahali salama na kujitoa kwenye kisambaza mzigo. Programu inayochukua dakika 5 kuwaka haina nafasi hapa, kwa sababu mbadala wake haujawa tayari wakati ya kwanza imekwisha kuzimwa. Na mashine za aina moja huelekea kuchukuliwa kwa pamoja, pale mahitaji yanapopanda upande wa mtoa huduma, hivyo ukitegemea aina moja katika kituo kimoja unaweza kupoteza zote kwa dakika chache. Ruhusu aina nyingi za mashine katika vituo kadhaa.

Kazi. Kubwa kuliko inavyoonekana. Kila kazi lazima iweze kurudiwa bila madhara: ikikatwa katikati ya kutuma ankara, ikirudiwa isitume ankara mbili. Kazi ndefu lazima ihifadhi hatua zake. Kazi ya saa 6 isiyohifadhi kitu, ikikatwa saa ya 5, imekula saa 5 za bure. Ikihifadhi kila dakika 10, hasara haizidi dakika 10. Timu zinazofanikiwa na Spot ni zile zilizozima mashine zao zenyewe kwa makusudi mara nyingi, kabla mtoa huduma hajazizima.

Kifungo. Hakuna kwa upande wako. Ila mwenzako naye hajafungwa.

Inamfaa nani. Mwenye kazi za mafungu: kubadili muundo wa video, kuchakata kumbukumbu za mfumo usiku, kujenga na kujaribu msimbo, kufundisha modeli. Kwa tovuti inayohudumia watu inafaa kama nyongeza juu ya msingi wa mashine za kawaida, mradi msingi huo peke yake uweze kubeba mzigo wa siku ya kawaida. Hifadhidata kuu isiwekwe hapa kabisa.

## Njia ya 4: Kulipa kwa kila ombi

Akiba. Badala ya kukodi seva, unakabidhi kipande cha msimbo nacho huendeshwa kinapoitwa. AWS Lambda, iliyotangazwa Novemba 2014, hutoza dola 0.20 kwa maombi milioni 1, pamoja na dola 0.0000166667 kwa kila sekunde ya gigabaiti 1 ya kumbukumbu. Tuweke hesabu mezani. Maombi milioni 1 kwa mwezi, kila moja likichukua milisekunde 200 kwa megabaiti 512, ni sekunde 100,000 za gigabaiti. Jumla: kama dola 1.87. Hakuna seva utakayokodi mwezi mzima kwa fedha hiyo ikafanya kazi ya maana.

Sasa zidisha. Maombi milioni 100 ni dola 187. Ukiweka mbele yake API Gateway ya aina ya HTTP, mlango wa kupokelea maombi, inayotoza dola 1 kwa maombi milioni 1, ongeza nyingine 100. Kwa upande wa pili, maombi hayo yakisambaa sawasawa ni kama 39 kwa sekunde, mzigo ambao programu iliyoandikwa vizuri hubeba kwa mashine mbili za m6i.large. Kila moja ni dola 0.096 kwa saa, kama dola 70 kwa mwezi. Mistari hukutana mahali fulani kati ya hapo, na kwa programu yako hukutana mahali pake. Fanya hesabu hii kwa tarakimu zako, ni dakika 10 tu.

Kasi. Ombi linalokuta kipande kimelala hungoja kiamke. Kwa lugha nyepesi ni sehemu ya sekunde, kwa programu nzito ya Java inaweza kuwa sekunde kadhaa. Unaweza kulipia vipande vikae macho, lakini hapo umeanza tena kulipia kitu kinachongoja, na faida ya njia hii inapungua. Jambo moja ambalo wengi hawalijui: Lambda hugawa prosesa kulingana na kumbukumbu, na prosesa moja kamili hupatikana kwenye megabaiti 1,769. Kazi inayotumia prosesa sana ukiipa kumbukumbu mara mbili huenda ikaisha kwa nusu ya muda, bei ikabaki palepale na mtumiaji akajibiwa upesi. Jaribu ngazi tatu au nne kabla ya kukubali ile ya awali.

Hifadhidata ndiyo huteseka kwanza. Kila kipande kinachoamka hufungua muunganisho wake, na mzigo ukipanda ghafla, vipande mia kadhaa huugonga mlango mmoja kwa wakati mmoja. Bila kiunganishi cha kati cha kugawana miunganisho, hifadhidata hulemewa hata kama maombi yenyewe ni mepesi.

Kazi. Huna mfumo endeshi wa kutunza wala viraka vya usalama vya kuweka, na kwa timu ya watu wawili hilo ni jambo kubwa. Kinachoongezeka ni ugumu wa kufuatilia hitilafu iliyopita kwenye vipande 12.

Kifungo. Hakuna mkataba, ila msimbo wako unajifunga kwenye foleni, matukio na ruhusa za mtoa huduma mmoja. Lambda pia haivuki dakika 15 kwa wito mmoja. Huduma zinazoendesha kontena, yaani programu iliyofungashwa na mahitaji yake yote, kwa mtindo huuhuu, kama Cloud Run ya Google, hukuachia mlango wa kutokea ulio mpana zaidi.

Inamfaa nani. Bidhaa changa isiyojua itapata wateja wangapi, kazi za hapa na pale, mzigo unaolala saa nyingi kisha kuruka. Mfano wa upande wa pili ulitolewa Machi 2023 na wahandisi wa Prime Video, huduma ya Amazon wenyewe: chombo chao cha kukagua ubora wa picha na sauti kilikuwa kimejengwa kwa Step Functions, huduma ya AWS ya kuunganisha hatua za kazi, na Lambda, picha zikipitishwa S3 kati ya hatua na hatua. Walipokusanya hatua zote ndani ya programu moja kwenye seva za kawaida, gharama ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Kazi yao ilikuwa nzito na haipumziki, na njia hii haikuumbwa kwa kazi ya namna hiyo.

## Njia ya 5: Kuhamia kwenye seva zako

Akiba. Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili, ilipohamisha sehemu kubwa ya data ya watumiaji kwenda kwenye vituo vyake, ilieleza katika nyaraka zake za kuingia soko la hisa mwaka 2018 kwamba gharama zilipungua kwa dola milioni 74.6 ndani ya miaka 2. Kampuni ya programu ya 37signals ilitangaza Oktoba 2022 kuwa inaondoka kwenye wingu, mwaka ambao wingu liliigharimu kama dola milioni 3.2, ikanunua seva kwa takriban dola 700,000. Zote mbili zilikuwa na mzigo unaotabirika na watu wanaojua kuendesha mitambo.

Faida kubwa hupatikana pale unapotoa data nyingi nje. AWS hukupa gigabaiti 100 za bure kwa mwezi, baada ya hapo ni dola 0.09 kwa gigabaiti kwa terabaiti 10 za kwanza. Kwa anayesambaza video au mafaili makubwa, mstari huo pekee unaweza kuwa sababu ya kuondoka.

Kasi. Mara nyingi hupanda, kwa sababu diski zipo ndani ya mashine yenyewe na hakuna jirani mnayegawana prosesa. Ila kilele kikizidi mashine ulizonazo, hakuna kitufe cha kuongeza nyingine kwa dakika 5.

Kazi. Nyingi: vipuri, nakala rudufu, kituo cha pili, zamu za usiku. Jumlisha mishahara kwenye hesabu.

Kifungo. Fedha zimelala kwenye chuma. Upande wa kutoka umelegea: mwaka 2024 Google, AWS na Microsoft walitangaza kuondoa ada ya data kwa mteja anayehama moja kwa moja.

Inamfaa nani. Kampuni yenye bili kubwa, mzigo uliotulia kwa miaka, na wahandisi wa mitambo tayari. Kwa wengine, kukodi seva nzima kwa mwezi ni hatua ya katikati.

## Uchague nini, kulingana na hali yako

Kama hujui fedha zinakwenda wapi, njia ya 1 peke yake, kwa mwezi mzima, na usisaini chochote katika kipindi hicho. Panga bili kwa huduma, kubwa hadi ndogo, ushughulikie mistari 5 ya juu tu.

Kama programu imetulia na timu haina muda wa kugusa msimbo, punguza ukubwa, kisha weka ahadi ya mwaka 1 kwenye sakafu. Miaka 3 iwe kwa kile ambacho una hakika hakitabadilika, na kwa kawaida hicho ni hifadhidata.

Kama zaidi ya nusu ya bili ni kazi za usiku au kufundisha modeli, wiki mtakazotumia kuzifanya zivumilie kukatwa zitajilipa upesi. Anzeni na ujenzi na majaribio ya msimbo, kwa sababu zikikatwa anayeumia ni mwenzenu wa ofisini, wala si mteja.

Kama ndiyo kwanza mnaanza, lipeni kwa ombi, na mwandike kabisa kiwango cha bili ambacho mkikifikia mtakaa kufanya hesabu upya. Msingoje kukikumbuka baadaye.

Kama data inayotoka nje ndiyo mstari mkubwa kuliko kompyuta, jaribuni kwanza mtandao wa usambazaji wenye kashe, yaani nakala za muda, karibu na watumiaji na kubana mafaili. Ikibaki kubwa, hapo mazungumzo ya kuhama yana msingi, hata kama ni kwa sehemu ile moja tu.

Mifumo mingi iliyokomaa huchanganya: hifadhidata kwenye ahadi, seva za tovuti nusu ahadi nusu malipo ya saa, mafungu kwenye Spot, kazi ndogondogo za matukio kwenye Lambda. Mchanganyiko huo ujengwe hatua kwa hatua, badiliko moja kwa wakati, huku ukitazama ombi la 99 katika kila 100.

Na kama msimu wenu wa mzigo mkubwa umebaki wiki mbili, zimeni mazingira ya majaribio, futeni diski zisizo na mwenyewe baada ya kuhifadhi nakala, na mengine yote yaacheni mpaka msimu upite.